Sheria Hufundishwa Kaunta

Mkufunzi mahiri wa sheria za dawa haanzi na kifungu, huanza na mteja. Anapanga pakiti kadhaa mezani, anamweka mwanafunzi mmoja awe mama aliyekuja jioni na mtoto mwenye homa, mwingine awe mtoa dawa, kisha ananyamaza. "Nipunguzie, mwanangu. Vidonge viwili tu vya antibiotiki, hela sina." Cheti hana. Mtoa dawa afanyeje? Na akikataa, amwelekeze wapi?

Tanzania ilikuwa na sababu ya kuuthamini ufundi huu. Maduka ya dawa baridi yaliruhusiwa kuuza dawa zisizohitaji cheti tu, lakini mengi yaliuza antibiotiki kwa siri. Mwaka 2003, kuanzia Ruvuma, ukaja mpango wa Duka la Dawa Muhimu. Maduka yalipewa orodha ya dawa yanazoruhusiwa kuuza, zikiwemo baadhi ya antibiotiki, na wauzaji wakatakiwa kusomea kazi hiyo. Wengi wao walikuwa wauguzi wasaidizi, si wafamasia. Kuwasomea sheria ukurasa kwa ukurasa kusingewasaidia mbele ya mteja.

Utafiti unautetea ule ukimya wa mkufunzi. Mwaka 2006 wanasaikolojia Henry Roediger na Jeffrey Karpicke waliwapa wanafunzi matini fupi. Kundi moja liliisoma tena. Jingine liliandika lilichokumbuka bila kuitazama. Baada ya dakika 5, waliorudia kusoma waliongoza. Baada ya wiki moja walikumbuka asilimia 42, na wale waliojipima asilimia 56. Kukumbuka kwa taabu ndiko kunakokaza somo.

Kwa hiyo mkufunzi hakimbilii kujibu. Akishajibiwa, anasahihisha papo hapo na kutaja sababu: nusu dozi huweza kuacha vimelea vilivyo sugu. Swali la Jumatatu analirudisha Alhamisi likiwa limebadilika sura. Safari hii mteja ni mwenyekiti wa kijiji, asiyezoea kukataliwa. Wiki inayofuata anachanganya: dawa iliyoisha muda, leja isiyojazwa, kijana anayetaka achomwe sindano dukani. Uchanganyaji huo ndio ninaouhusudu zaidi. Somo likipangwa mada kwa mada, mwanafunzi anajua kanuni inayotakiwa kabla hajaulizwa. Kwenye kaunta, hakuna mteja anayetangaza amekuja na kifungu gani. Lazima mtoa dawa akitambue mwenyewe.

Ufundi huu unafaa hata nje ya Tanzania. Fikiria kijiji cha Ntoto, kule Walikale, Kivu Kaskazini. ACOREP, mamlaka inayosimamia dawa nchini Kongo, ina makao Kinshasa, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka hapo. Mahali pa namna hiyo sheria inategemea kichwa cha muuguzi au mwenye famasi aliye peke yake na mgonjwa. Ufundi niliousimulia haudai umeme wala kitabu kipya: meza, pakiti tupu, watu wawili wa kuigiza, na mwalimu anayejua kungoja.

Mtihani wa siku ya mwisho haumpimi vizuri mwalimu huyo, kwa kuwa siku hiyo hata aliyekariri usiku kucha hufaulu. Haki yake ni kupimwa miezi sita baadaye, bila taarifa, leja ya duka ikiwa wazi mezani.