Kwanza Pilipili Manga, Kisha Vita

Mnamo mwaka 1135 mtawala wa Kish, kisiwa cha Ghuba ya Uajemi, alipeleka merikebu za vita Aden. Alikuwa amedai apewe sehemu ya mji, akanyimwa. Tunayajua hayo kwa undani kwa sababu wafanyabiashara wawili Wayahudi wa Aden, Madmun bin Hasan na binamu yake Khalaf bin Ishaq, waliwaandikia wenzao habari hizo. Hawakuwa waandishi wa historia. Walikuwa na mali baharini, na waliowaandikia walikuwa na mali baharini pia, na ukizisoma barua hizo ukiwa na jambo hilo akilini utaona jinsi kila sentensi ilivyowekwa mahali pake kwa kusudi.

Tazama kinachohesabiwa. Merikebu 15, mbili kati yake kubwa, na watu wapatao 700. Sababu ya ugomvi inamalizwa kwa maneno machache. Kinachoelezwa kwa urefu ni mahali adui alipotia nanga: nje ya mji, kwenye maegesho ya bandari, akivizia vyombo vya biashara. Alikaa hapo kama miezi miwili, na mji wenyewe hakuuingia. Kisha zikatokea merikebu mbili za Ramisht, tajiri wa Siraf ambaye mali yake ilijulikana kote Bahari ya Hindi, yule yule aliyeivika Kaaba kitambaa cha Kichina miaka michache baadaye. Adui alijaribu kuziteka, upepo ukazisaidia, zikaingia bandarini salama. Wakuu wa Aden wakazipandisha askari, na watu wa Kish wakaona hawana tena la kufanya, si bandarini wala mjini.

Aliyeipokea barua kama hiyo Misri au Malabar, pwani ya India, aliweza kufanya hesabu yake papo hapo. Je, bandari imechukuliwa? Hapana. Je, maghala yameporwa? Mji haukuingiwa. Vyombo vya nani vimefika? Vya Ramisht, vyote viwili. Njia imezibwa kwa muda gani? Miezi miwili, nayo ni mingi kwa mtu anayesafiri kwa kaskazi na kusi, maana pepo hazimngojei mtu, na chombo kilichokosa msimu wake huenda kikangoja mwaka mzima. Kwa maoni yangu, taarifa hii ya vita imeandikwa kwa ustadi kuliko nyingi za wanahistoria wa zama zile, na sababu ni moja: mwandishi alijua msomaji wake ataamua jambo la pesa kwa kuitegemea.

Aden yenyewe haikuwa na utulivu wakati huo. Binamu wawili wa ukoo wa Zuray waligawana utawala, kila mmoja na ngome yake na fungu lake la mapato. Madmun alifanya kazi katikati ya hao wote. Alikuwa mwakilishi wa wafanyabiashara: alipokea shehena zao, aliwasimamia mbele ya watu wa forodha, aliwatunzia mizigo na kuwauzia wasipokuwepo. Mtu wa nafasi hiyo asingeandika ovyo kuhusu wakubwa wa mji.

Kwa bahati kubwa tunayo mafungu ya barua alizompelekea mtu mmoja, Abraham Ben Yiju. Huyu alitoka al-Mahdiyya, katika Tunisia ya leo, akahamia pwani ya Malabar, akaishi huko, hasa Mangalore, kuanzia mwaka 1132 hivi hadi 1149. Alioa huko mwanamke wa Kihindi aliyeitwa Ashu, akafungua karakana ya vyombo vya shaba, akawa anasafirisha pilipili manga, chuma, iliki na popoo kwenda Aden. Barua zao ni Kiarabu kilichoandikwa kwa herufi za Kiebrania, kama ilivyokuwa desturi ya Wayahudi wa nchi za Kiarabu.

Muundo wa barua hizo una nidhamu ambayo wengi wetu tumeipoteza. Baada ya salamu na dua, mwandishi anataja barua alizozipokea, na nani aliyemletea. Hilo ni la lazima, kwa kuwa barua muhimu ilipelekwa kwa nakala kadhaa, kila moja ndani ya chombo chake, na mwenzako asipojua ni ipi imefika hawezi kujua agizo gani unalifuata. Halafu inakuja hesabu ya mizigo: nini kimefika, katika merikebu ya nani, kimepimwa kiasi gani, kimeuzwa bei gani, ushuru umekula kiasi gani. Kilichopotea kinatajwa wazi, pamoja na jinsi kilivyopotea. Kisha vinavyopelekwa, kisha bei za sokoni, na zawadi. Madmun alikuwa akimpelekea Ben Yiju sukari, zabibu kavu, mikeka ya Berbera, na karatasi kutoka Misri, kwa maana Malabar karatasi haikupatikana kwa urahisi.

Karatasi hiyo ilitumika mpaka nafasi ya mwisho. Maandishi yanajaza ukurasa, yanageuka, yanapanda pambizoni. Anwani huandikwa nje baada ya kukunja, mara nyingi kwa herufi za Kiebrania upande mmoja na za Kiarabu upande wa pili, ili kila mbebaji aweze kuisoma. Ben Yiju naye alipomaliza kusoma barua ya Aden aliigeuza, akaandika nyuma yake hesabu zake na rasimu zake mwenyewe. Alipohamia Misri mwishowe alikwenda na makaratasi hayo, yakaishia katika stoo ya sinagogi la Ben Ezra, Fustat, ambako maandishi yenye jina la Mungu yaliwekwa kwa kuwa hayakuruhusiwa kutupwa. Mwaka 1896 na 1897 msomi Solomon Schechter aliyachukua mengi kwenda Cambridge. Katika karne ya 20, mwanahistoria S. D. Goitein alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kuyaunganisha, na heshima tunayompa haitoshi.

Swali gumu ni hili: mtu wa Aden atamlazimishaje mdaiwa aliyeko Malabar, ng'ambo ya bahari, chini ya mfalme mwingine? Ben Yiju aliwahi kumlipa mtu wa huko bei ya iliki kabla ya kuipokea, na iliki haikuja. Wenzake wa Aden walikuwa na fungu lao katika hasara hiyo. Jibu lao linaonyesha silaha waliyokuwa nayo: mtishe, walimwambia, kwamba hapa Aden asiyetimiza deni lake hutangazwa, na kwamba tutaandika barua ya kumshutumu. Hakuna mahakama iliyotajwa wala askari. Jina la mtu ndilo dhamana, na barua ndiyo inayolibeba jina hilo kutoka bandari hadi bandari. Mwanauchumi Avner Greif alijenga nadharia nzima juu ya mambo ya namna hii, akichunguza wafanyabiashara wa Maghreb wa karne ya 11. Kuna wanaompinga, kwa hoja kwamba watu hao walitumia mahakama zaidi ya anavyodai, na nadhani wana haki kwa upande wa Misri. Lakini katika Bahari ya Hindi, ambako mahakama moja isingefika pande zote mbili, barua ya lawama ilifanya kazi kubwa.

Njia ya wafanyabiashara hao kwenda Misri ilipita Bab el-Mandeb, mlango wa Bahari ya Shamu. Tangu Novemba 2023, meli za shehena ziliposhambuliwa kutoka Yemen, nyingi zililazimika kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema, na wenye mizigo wakarudi kuuliza yale yale: chombo gani kimepita, kimechukua siku ngapi, bima ni kiasi gani. Bima ya namna hiyo Madmun hakuwa nayo. Kinga yake ilikuwa kugawa marobota katika vyombo mbalimbali, ili kimoja kikizama au kutekwa kisiondoke na mtaji wote.

Muundo huu wa barua ulikuwa na mpaka wake. Mwaka 1148 majeshi ya Roger wa Pili, mfalme wa Kinormani wa Sicily, yaliiteka al-Mahdiyya. Mwaka uliofuata, Septemba 1149, Ben Yiju akiwa amekwisha kurudi Aden aliwaandikia ndugu zake. Alikuwa amesikia majina ya miji iliyopigwa, lakini hakupata barua yoyote ya kumjulisha nani amekufa na nani yu hai. Mtu aliyezoea kupokea hesabu ya kila gunia aliwasihi wamwandikie habari kamili na kuzipeleka kwa watu wa kuaminika. Aliwaambia ana mali ya kuwatosha wote, waje, na kwamba binti yake atamwoza kwa mtoto wa ndugu yake. Hata anwani ilibadilika: barua ilielekezwa al-Mahdiyya, au popote pengine katika Ifriqiya, yaani nchi za upande ule wa Tunisia ya leo.

Ndugu zake walikuwa wamekwisha kuhamia Sicily. Wapelekaji wale wale wa biashara, kutoka mkono hadi mkono, ndio waliokuja kuwaunganisha. Mpwa wake, Perahya bin Yosef, alivuka kutoka Sicily hadi Misri, na mwaka 1156 alimwoa Sitt al-Dar, binti wa Ben Yiju na Ashu, huko Fustat. Orodha ya mahari na vyombo vya bibi harusi bado ipo, imeandikwa kitu kwa kitu na bei yake pembeni.