Geuza Hiyo Santuri

Ukiuliza mashabiki wa Big Star wimbo gani wa Chris Bell peke yake ni mkali, wengi watakutajia "I Am the Cosmos". Nawaelewa. Ni wimbo mkubwa, gitaa za umeme zinalia, na jina lenyewe linatangaza kwamba mwimbaji ndiye ulimwengu mzima. Lakini santuri hiyo ya 1978 ilikuwa na upande wa pili, na mimi niko upande huo. Wimbo unaitwa "You and Your Sister". Kwangu hiyo ndiyo kazi bora zaidi ya Bell, ndani ya bendi au nje yake, na huku kwetu hata wasee wa roki ni nadra kuutaja.

Kama hujapatana na hii stori: Big Star ilikuwa bendi ya vijana wa Memphis, Marekani. Jina walilitoa kwa supamaketi ya huko kwao, ni kama bendi ya South B ijiite Naivas. Watunzi wakuu walikuwa Bell na Alex Chilton. Albamu yao ya kwanza, #1 Record, ilitoka 1972. Wahakiki waliimwagia sifa, lakini usambazaji ulikuwa mbovu: mtu anasoma sifa, anaenda dukani, anakosa. Na sifa zenyewe mara nyingi zilimfuata Chilton, ambaye tayari alikuwa na jina. Aliimba "The Letter" na The Box Tops akiwa na miaka 16, na ikashika nambari moja Marekani. Bell, aliyeiweka bendi pamoja na kuhangaika studio usiku na mchana, akabaki kivulini. Kabla mwaka uishe alikuwa ametoka, sonona imemshika. Baadaye alifanya kazi katika biashara ya mikahawa ya familia yake huku akiendelea kurekodi.

Waliokulia kwa nyumba za benga wanajua siri ya upande wa pili. Santuri nyingi za River Road ziligawa wimbo mmoja mara mbili: huku maneno, ukigeuza, gitaa zinaachiliwa zikimbie. Kwa Bell mambo ni kinyume. Ukigeuza, kelele zinaisha. Inabaki gitaa kavu, ala za nyuzi za aina ya fidla, na sauti inayoimba kana kwamba kuna mtu amelala chumba cha pili.

Hadithi yake ni ya kawaida kabisa. Jamaa anampenda dem. Dada ya dem hamwamini jamaa. Hapo mtunzi mwingine angemgeukia huyo dada, amchambe, ama ajisifu mpaka dada aone haya. Bell hafanyi hivyo. Anakubali kwamba shaka ipo, anatamani angeweza kuiondoa, kisha anarudi kwa ombi lake dogo: muda kidogo tu wa kuwa pamoja. Yule yule aliyejiita ulimwengu upande wa kwanza, huku anaomba jioni moja. Sisi tumezoea nyimbo za mapenzi ambazo mwanamume anaorodhesha atakachonunua. Huyu hana orodha. Hata hatuambii kama alikubaliwa.

Sasa sikiliza vizuri, maana kuna sauti ya pili. Inaingia juu ya yake, nyembamba, bila fujo. Ni Alex Chilton. Yule aliyepata sifa zote, yule ambaye Bell hakuweza kuendelea kukaa naye bendi moja, amerudi studio kuimba nyuma ya mwenzake. Kwenye #1 Record sauti zao zilisukumana mbele, kila mmoja na wimbo wake. Hapa Chilton hasukumi. Anamshikilia Bell mahali ambapo sauti yake inakaribia kukatika, basi. Nimesoma makala nyingi kuhusu ugomvi wa bendi hii, na hakuna hata moja iliyoniambia kuhusu hao wawili kama vile hizi dakika tatu na kidogo. Tunauita wimbo wa mtu peke yake, lakini uzito wake unatoka kwa huyo wa pili.

Una kasoro? Upo utamu mwingi kwa zile nyuzi. Kuna mahali zinamwagika kama asali kwenye chai iliyo na sukari tayari, na ningezipunguza. Lakini Bell anaimba akiwa na wasiwasi wa kutosha kuuzuia wimbo usigeuke kadi ya Valentine.

Kitu ninachokataa ni kuusikiliza wimbo huu kama buriani. Bell alikufa kwa ajali ya gari tarehe 27 Desemba 1978, akiwa na miaka 27, na tangu hapo watu husikia kaburi katika kila noti yake. Kifo cha mapema huuza, bana. Lakini aliporekodi hakuwa anakufa. Alikuwa anamwomba mtu muda. Ukiugeuza wimbo kuwa msiba, unamnyima lile ombi lake, na ombi ndilo wimbo wenyewe.

Mwaka wa 1991 This Mortal Coil waliurudia kwenye albamu yao Blood, na wakawapa wanawake wawili waimbe, Kim Deal na Tanya Donelly. Ni kama dada na dadake wamepewa nafasi ya kujibu. Mwaka uliofuata rekodi za Bell zilikusanywa hatimaye kuwa albamu, miaka 14 baada ya kuzikwa kwake. Jina la albamu? I Am the Cosmos, bila shaka. Upande wa kwanza umeshinda tena.

Wewe usianze na huo. Na usiuchezee "You and Your Sister" ndani ya matatu, besi ya dereva itaumeza. Ungoje usiku, jirani azime redio, kisha umfuate Chilton badala ya Bell. Utasikia mtu anayejua kabisa kwamba wimbo si wake.