Nani Atangulie, Pesa au Mashine?

Ndengu zikishavunwa Kyuso, mwanzoni mwa mwaka, watu huanza kuulizia mashine. Aliyeuza magunia yake vizuri anataka injini ya dizeli pamoja na kinu cha kusaga unga, afungue biashara ya posho kijijini. Mashine mpya ingemaliza pesa zote za mavuno na kumwachia deni. Iliyotumika inapatikana Kariobangi, Nairobi, zaidi ya kilomita 200 kutoka nyumbani kwake, kwa mtu ambaye hajawahi kumwona. Picha zimeingia kwa WhatsApp. Tuseme bei ni shilingi 90,000. Kisha muuzaji anatamka yale maneno ambayo kila mnunuzi wa mbali nchini Kenya ameyasikia: "Mzee, weka kitu kidogo nikushikie, kuna mteja mwingine yuko njiani."

Hapo ndipo wengi hupigwa, na lawama zote huishia kwa simu. Mimi naona simu inaonewa. M-Pesa, huduma ya pesa kwa simu, ilipofanyiwa majaribio mwaka 2005 kwa ushirikiano na shirika la mikopo la Faulu Kenya, ilikuwa njia ya wakopaji wadogo kulipa mikopo yao. Watu wakaanza kuitumia kutumiana pesa wao kwa wao, na Safaricom ilipoizindua rasmi Machi 2007 iliinadi kama njia ya kutuma pesa nyumbani. Kijana yuko Nairobi, mama yake yuko Kyuso. Kati ya hao wawili hakuna anayehitaji kushikiwa pesa hadi mwenzake atimize ahadi, kwa hiyo chombo kikaundwa kiwe cha haraka, na pesa zikifika zimefika.

Wachina walianzia upande mwingine. Soko lao la mtandaoni la Taobao lilikuwa la watu wasiojuana, na Alipay, iliyoanzishwa 2004, ikawa inashikilia pesa za mnunuzi mpaka akiri kwamba mzigo umemfikia. Kwetu, yule mshikaji wa katikati hakuwekwa ndani ya M-Pesa tunayotumia kila siku. Mtu wa Kyuso humtafuta miongoni mwa jamaa zake. Kwa kawaida ni mpwa wake anayefanya kazi Nairobi.

Kazi ya mpwa si kubeba pesa. Hili nalisisitiza, maana ndilo kosa la pili kwa ukubwa: mjomba anamtumia kijana 90,000 zote, kijana ana kodi ya nyumba iliyochelewa, na ukoo unapata kesi. Mpwa ni macho na masikio. Aende na fundi kama anamjua mmoja, na afike bila kutoa taarifa mapema. Kabla injini haijawashwa, aiguse. Ikiwa ina joto, iliwashwa kabla hajaja, na injini iliyochoka huficha ugonjwa wake ikishapata moto. Asubiri ipoe, hata ikichukua saa mbili. Ikiwaka, atazame moshi. Moshi wa samawati unaoendelea kutoka ni oili inayoungua ndani, mara nyingi kwa sababu pistoni na ringi zake zimekwisha, na hapo bei haiwezi kubaki ile ile. Kwenye kinu, afungue mfuniko aone nyundo: zikiwa zimelika na kuwa mviringo pembeni, unga utatoka polepole na dizeli itaisha haraka. Atikise shafti asikie kama beringi zinacheza. Mwisho asage debe moja la mahindi, alilolinunua yeye mwenyewe.

Kisha apige picha ya kibati chenye nambari ya injini. Picha hiyo ndiyo itakayobana malipo yote yanayofuata, kwa sababu mashine iliyokaguliwa Jumatatu si lazima iwe ndiyo itakayopakiwa Alhamisi.

Malipo sasa. Amana itolewe baada ya ukaguzi, na iwe kiasi ambacho mnunuzi anaweza kukipoteza bila kuuza mbuzi, tuseme 5,000. Ni afadhali iende kwenye nambari ya Lipa na M-Pesa ya duka kuliko kwenye laini ya mtu binafsi. Kabla ya kuthibitisha, simu huonyesha jina la anayelipwa. Jina hilo lilingane na la kwenye risiti, na mpwa awe ameona kitambulisho. Muuzaji akisema laini yake ina shida, pesa ziende kwa shemeji, malipo yasimame hapo. Makubaliano yaandikwe kwa meseji: nambari ya injini, bei, amana, siku ya kuchukua, na kama amana inarudishwa mashine ikibadilishwa. Meseji kama hizo zina kazi. Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanza kufanya kazi Milimani mwaka 2021, husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, na sheria inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60.

Zile 85,000 zilizobaki hutumwa na mjomba mwenyewe, akiwa Kyuso, wakati mashine iko juu ya lori na mpwa amesoma nambari ya injini kwa sauti kwenye simu. M-Pesa huruhusu hadi shilingi 250,000 kwa mara moja tangu Agosti 2023, kwa hiyo hakuna sababu ya kuzikata vipande. Ikifika hapo, pengo kati ya pesa na mali limebaki dakika chache, na katika dakika hizo kuna mtu wako amesimama pale.

Lori nalo lina pengo lake, na hili husahaulika. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa ya Kenya, Sura ya 31, huchukulia kwamba hasara ya ajali inamwangukia mwenye mali, na kumkabidhi msafirishaji mzigo kwa kawaida huhesabika kuwa ni kumkabidhi mnunuzi. Mashine ikianguka njiani, tuseme Matuu, muuzaji wa Kariobangi amekwisha kulipwa na yuko salama, isipokuwa kama mlikubaliana vingine. Dereva apewe nusu ya nauli wakati wa kupakia na nusu iliyobaki Kyuso, na karatasi ya mzigo iwe na nambari ya injini pamoja na ya lori.

Muuzaji wa mbali naye ana hatari zake. Meseji ya kughushi hufanana na ya M-Pesa mpaka kwenye nukta, ila imetoka kwa nambari ya kawaida. Asisome meseji, aangalie salio. Mnunuzi akidai ametuma zaidi na kuomba arudishiwe kilichozidi, salio ndilo litakalojibu. Na kwa kuwa mtumaji anaweza kuomba pesa zirudishwe kwa kutuma meseji kwenda 456, muuzaji aliyelipwa kihalali asiziache zikilala kwenye laini. Azitoe au azipeleke benki. Hiyo 456 iliwekwa kwa aliyekosea nambari. Aliyeuziwa mashine mbovu asiitegemee, na pesa zikishatolewa kwa wakala haimsaidii hata aliyekosea.

Liko jambo moja ambalo njia yoyote ya malipo haiwezi kulitibu. Mashine ikiwa ya wizi, kwa kawaida ile Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa haimpi mnunuzi umiliki ambao muuzaji hakuwa nao, hata kama alilipa kila senti na risiti anayo. Kwa hiyo mpwa aombe stakabadhi ya ununuzi wa kwanza, au angalau barua ya muuzaji yenye nakala ya kitambulisho na nambari ya injini.

Gharama ya mpango wote huu ni nauli ya mpwa mjini, debe la mahindi na siku moja au mbili za kazi. Muuzaji akikataa injini iguswe ikiwa baridi, au akitaka pesa ziende kwa laini ya mtu mwingine, mwachie yule mteja wake aliye njiani.