Mark X na Mkono wa Fundi

Kijana akija kuomba ushauri kuhusu Mark X, maswali yake huwa yale yale. Linachanganya vipi? Linakula mafuta kiasi gani? La mwaka gani ndilo zuri? Namjibu kadiri ninavyojua, kisha nami namuuliza langu: fundi wako wa miguu ni nani? Wengi hunitazama wakidhani nimehamisha mazungumzo.

Sijayahamisha. Saluni ya saizi ya kati, yenye mwendo wa kimichezo, kwa bei ambayo mtu wa mshahara akijibana anaifikia, imebebwa na vyuma vichache na mipira michache iliyoko chini, mahali ambapo mnunuzi hainami kutazama. Vyuma na mipira hiyo ikiwa mizima, utaelewa kwa nini watu walilipenda gari hili. Ikishachoka, unabaki na viti vizuri na gharama ya petroli.

Yupo fundi huko Ilala, Dar es Salaam, ambaye napenda kumtazama akiwa kazini. Gereji yake ni bubu kabisa: mwarobaini mmoja, mabati manne, kontena la kulaza spana usiku. Hana kibao. Kazi yake ni miguu ya magari tu, yaani bushi, bol joint, tairodi na shokapu. Injini ikisumbua anakuelekeza kwa mwenzake mtaa wa pili, umeme anakuelekeza kwa mwingine. Hajawahi kudai kwamba anajua kila kitu, na hilo peke yake lilinifanya nimwamini.

Ipo hatua moja katika kazi yake ambayo kwangu ingetosha kumpa heshima zote. Akishaingiza bushi mpya kwenye mikono ya chini inayoshika gurudumu, hazikazi nati gari likiwa limening'inia kwenye jeki. Anazisokota kwa vidole mpaka zishike, anazikaza kidogo kwa spana zisije zikachomoka, basi. Anarudisha tairi. Anashusha gari. Anaweka viganja viwili juu ya boneti na kulikandamiza mara kadhaa ili springi zijikalie, kisha analisukuma mbele na kulirudisha nyuma. Baada ya hapo analipandisha taratibu, magurudumu yote manne, juu ya magogo mapana ya mkaratusi yaliyochongwa juu yakawa bapa, anaweka kabari, anatandika boksi na kuingia chini kwa mgongo. Sasa ndipo anapokaza nati za mwisho, uzito wote wa gari ukiwa juu ya miguu yake yenyewe.

Sababu yake ni hii. Bushi ni mpira uliogandishwa kwenye chuma, na nati ikikazwa, mpira hushikwa katika mkao ulionao dakika ile. Mguu ukikazwa ukiwa unaning'inia, gari likishuka chini ule mpira hubaki umesokoteka siku zote, hata gari likiwa limeegeshwa nyumbani usiku. Haupiti muda mrefu unachanika. Mteja anarudi akilaani spea feki, na aliyemuuzia spea analaani barabara, ilhali kosa lilifanyika siku ya kwanza, kwa mkono uliokuwa na haraka. Hatua hiyo humwongezea mzee karibu saa nzima ya kazi ambayo hakuna anayemlipa, kwa sababu hakuna anayeiona.

Siku moja kijana aliyeleta Mark X nyeusi alikuwa amesimama pembeni, funguo zikicheza kidoleni.

"Shikamoo, fundi. Bado tu?"

"Marahaba, mwanangu. Bado."

"Kule Kariakoo wangenimalizia kwa nusu saa."

"Wanaweza. Na wewe ungerudi tena baada ya masika. Kaa kivulini, agiza chai."

Alikaa, na chai akaagiza. Alipoondoka jioni akapita juu ya tuta la mtaani bila gari kugonga hata mara moja, akasimama, akarudi kinyumenyume kulijaribu tena tuta lile lile. Mzee alikuwa ameshageukia gari la mtu mwingine.

Gari lenyewe linastahili uangalifu huo, na wenye umri wangu tunajua linatoka ukoo gani. Mark II ya kwanza ilitoka mwaka 1968, ikiwa bado ni tawi la Corona. Baadaye Toyota waliiuza nje ya Japani kwa jina la Cressida, na ni kwa jina hilo iliingia kwetu. Baba yangu mdogo alikuwa nayo, rangi ya maziwa, na hakuruhusu mtu yeyote kufunga mlango kwa nguvu. Ulikuwa unausindikiza kwa mkono mpaka unasikia ukijifunga wenyewe. Sisi watoto tulidhani ni ukali. Leo naona kwamba alikuwa amegundua namna mlango ule ulivyoundwa, na alitaka nasi tuisikie.

Kisha zikaja za mtumba kutoka Japani, pamoja na ndugu zake Chaser na Cresta, na hasa GX100 ya mwaka 1996 na GX110 ya mwaka 2000, ambazo mitaa ya Dar ilizijua kwa namba kama watu wanavyojua namba za mabasi. Injini ya lita 2.0 ilikuwa na silinda sita zilizopangwa mstari mmoja. Katika mpangilio huo pistoni ya kwanza hupanda pamoja na ya sita, ya pili na ya tano, ya tatu na ya nne, na mtikisiko wa hizi hufutwa na wa zile. Ndiyo maana ukiwa kwenye foleni ya Ubungo unaweza kutazama dashibodi kuhakikisha kama injini haijazimika. GX100 ilikuwa na mikono miwili, wa juu na wa chini, kwa kila gurudumu, mbele hata nyuma. Kwa gari la familia huo ulikuwa ukarimu. Wahandisi wangeweza kuweka kitu rahisi zaidi, na wanunuzi wengi wasingejua.

Mwaka 2004 Mark II ikamalizika na Mark X ikachukua nafasi. Silinda zikabaki sita ila zikakaa kwa mkao wa V, lita 2.5 au 3.0, na toleo la pili la mwaka 2009 likaja na lita 3.5 kwa mwenye kutaka zaidi. Chasisi yake ilitokana na ya Crown ya wakati huo, gari la wakubwa. Na utaratibu wa zamani ukaendelea: injini imelala kwa urefu, magurudumu ya nyuma yanasukuma, ya mbele yameachiwa kazi moja tu ya kukata kona.

Ukitaka kujua maana ya jambo hilo, usiende kwenye barabara ndefu iliyonyooka. Nenda Mombo, ukunje kuelekea Lushoto. Njia ile inapanda milima ya Usambara kwa kona mfululizo, huku ukuta wa mlima upande mmoja na bonde upande wa pili, na mwenye akili hazidishi mwendo. Kwa kasi ndogo tu usukani unakuambia tairi limeshika nini: lami kavu, mchanga uliosombwa na mvua, majani. Unakanyaga mafuta kidogo katikati ya kona na gari linajikaza kwenye mstari wake, mwili haulali. Umichezo wa gari unaupata pale, kwa mwendo ambao hata trafiki hana neno nao. Wanaoutafuta kwa kukimbilia kilomita 180 usiku kwenye barabara ya Morogoro wanatafuta kitu kingine, na mara nyingi tunakuja kukisoma gazetini.

Siwezi kumshauri mtu bila kumwambia pia kinachouma. Petroli inaliwa, silinda sita ni silinda sita, na mjini kwenye foleni utaziona. Gari liko chini, na matuta yetu mengi yamejengwa bila kipimo. Sanduku la gia la kasi sita halina kijiti cha kupimia oili kama tulivyozoea. Kiwango chake hupimwa kwa kufungua nati ya chini injini ikinguruma, oili ikiwa imefika joto lake maalumu, na oili yenyewe siyo ile iliyotumika kwenye GX110. Mafundi wengi humimina yoyote nyekundu waliyonayo. Wapo wanaokimbilia Subaru Legacy inayosukuma kwa magurudumu yote manne, na kwa mtu wa Mbulu au Kericho wakati wa masika sina hoja ya kumpinga. Atenza nayo ni nyepesi mkononi kuliko sura yake. Lakini kwa mtu anayeishi kwenye lami, mwenye familia, na ambaye bado anapenda kuendesha, kwa fedha ile sijaona kinacholifikia Mark X zima. Neno zima ndilo lenye uzito hapo.

Afrika Mashariki hatukufundishwa thamani ya gari zima na Wajapani peke yao. Mwaka 1965 Joginder Singh, aliyejifunza ufundi katika gereji ya baba yake kabla ya kuwa dereva wa kusifika, alishinda mashindano ya Safari akiwa na ndugu yake Jaswant katika Volvo PV544 iliyokwisha kutumika. Timu ya Volvo ilikuwa imeikimbiza katika mashindano ya mwaka uliotangulia. Aliwaacha waliomfuatia kwa zaidi ya saa moja na nusu. Miaka miwili iliyofuata, 1966 na 1967, Bert Shankland na Chris Rothwell wa Tanzania walishinda kwa Peugeot 404, gari ambalo madaktari na wakuu wa shule walikuwa nalo uani. Magari ya nyumbani yaliwashinda wenye fedha kwa sababu kuna mtu alikuwa amekagua kila nati. Walioshangilia barabarani walilijua hilo, na waliwaenzi mafundi karibu sawa na madereva.

Sasa tazama tunavyoyafanyia magari yetu leo. Mtu ananunua Mark X kwa mkopo wa miaka mitatu, na wiki ya kwanza anakata springi kwa msumeno ili gari likae chini zaidi. Pembe zote ambazo wahandisi walizipima zinaharibika kwa dakika kumi. Anaweka rimu pana kuliko inavyofaa, tairi za mtumba mbili za kampuni moja na mbili za nyingine, masega ya ekzosi yanang'olewa na kuuzwa, na kelele zinazobaki zinaitwa nguvu. Bushi zikilia, anachongewa za mpira wa tairi la lori, ngumu kama kisigino, na gari lililotengenezwa kuongea na dereva linanyamaza. Halafu anasema Mark X ni gari bovu. Haya si makosa ya umaskini, maana rimu zile peke yake zingenunua bushi halisi za miguu yote minne na chenji ikabaki.

Na gari lenyewe halitengenezwi tena. Toyota walifunga ukurasa wa Mark X mwezi Desemba 2019. Mwaka huo huo walitoa magari 350 ya toleo la GRMN, lita 3.5 na gia za mkono za kasi sita, kama wanaoaga wakijua wanachokipoteza. Viwanda vimegeukia magari marefu ya kwenda juu, ambayo mteja anayataka kwa sababu yanaonekana makubwa. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililotumika likishapita miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza. Hesabu hiyo inalifikia hata lile la 2019 kuanzia mwaka 2027. Kwetu Tanzania mlango haujafungwa, ila tozo ya uchakavu inapanda kadiri umri unavyosogea. Yaliyopo barabarani leo, kwa kiasi kikubwa, ndiyo tutakayokuwa nayo.

Mafundi nao wanapungua kwa namna yao. Yule mzee wa Ilala alikuwa na vijana wawili wa kujifunza. Mmoja amehamia bodaboda kwa sababu fedha inaonekana kila jioni. Aliyebaki anajua kufungua haraka kuliko mzee, lakini nimemwona akikaza nati gari likiwa juu ya jeki, mzee akamwambia kwa upole, "Legeza, mjukuu wangu, anza upya." Kijana alilegeza, huku akiangalia saa, kwa kuwa mwenye gari alikuwa amesimama juu ya kichwa chake akilalamika kwamba anacheleweshwa.

Ombi langu basi liende kwa huyo mwenye gari. Kama una Mark X, au GX110 uliyoachiwa na mzazi, usinunue rimu mwaka huu. Nunua bushi halisi, umpelekee fundi wa miguu asubuhi na mapema, umlipe siku nzima pamoja na ile saa isiyoonekana. Na ukimkuta anamfundisha kijana kwenye gari lako, mwache amfundishe mpaka amalize.