Sheria ikipinda, nani kaipinda?

Ludo, drafti na karata wote tunazijua. Humo sheria haina mjadala: ukipata sita unatoka, ukikosa unasubiri, basi. Michezo ya kusimulia mezani ni kitu kingine. Mnakaa watu wanne au watano, kila mmoja na mhusika wake, na mmoja wenu anakuwa msimulizi. Anasema: mmefika mtoni, daraja limekatika, mnafanya nini? Mnajibu kwa mdomo. Pale ambapo haijulikani kama jambo litawezekana, mnarusha dadu. Mwisho hakuna bingwa, kuna hadithi.

Mchezo uliofungua njia ni Dungeons & Dragons, wa Gary Gygax na Dave Arneson, uliotoka Marekani mwaka 1974. Tangu mwanzo vitabu vyake viliwaambia watu kwamba sheria ni mwongozo tu, badilisheni mnavyotaka. Kitabu cha msimulizi cha mwaka 1979 kikampa msimulizi neno la mwisho.

Sikatai, ulegevu huo una faida. Dadu yake kuu ina pande 20, na kwenye maduka ya hapa kambini huipati. Kwenye kikundi chetu tunaandika namba 1 hadi 20 kwenye vikaratasi, tunavikunja, tunavitia kikombeni, mtu anachomoa kimoja na kukirudisha. Mchezo unaenda vizuri tu. Halafu kila mtu na mtindo wake: huyu anataka kupigana na majitu, yule anataka kumbembeleza mlinzi mpaka afungue geti, mwingine anapenda mafumbo. Sheria zingekuwa chuma, nusu ya meza ingesinzia.

Lakini mwamba ngoma huvutia kwake. Sisi tunaoishi kwa orodha na foleni tunajua sheria inayopindika huwa inapinda kuelekea wapi. Mwenye jamaa mbele anapenya, asiye na mtu anaambiwa utaratibu ni utaratibu. Mezani pia. Nimeona msichana mpole, Kiswahili bado kinamsumbua, kachomoa 18, namba nzuri kabisa. Msimulizi akasema, "Hapana, mlinzi hajakubali, mwingine aendelee." Baadaye kidogo rafiki wa msimulizi kachomoa 4, akapita, eti kwa sababu kaongea vizuri. Yule msichana hakubishana. Wiki iliyofuata hakuja. Wenzake walikuwa na maneno, yeye alikuwa na namba tu, na namba ikafutwa.

Hapo ndipo naona Apocalypse World, wa Vincent Baker na Meguey Baker (2010), umetazama mbali zaidi. Unataka dadu mbili za kawaida kama zile za ludo. Unajumlisha, unaongeza au kupunguza kwa uwezo wa mhusika wako. Ukifika 10 umefaulu. Kati ya 7 na 9 unafaulu, lakini kuna gharama. Ukiwa na 6 au chini yake, jiandae. Msimulizi mwenyewe harushi dadu, na kitabu kimemwandikia na yeye wajibu wake: awauliza wachezaji maswali, ayatumie majibu yao, awe upande wa wahusika wao. Kubuni sheria mpya kunaruhusiwa, na kitabu kinafundisha namna ya kufanya hivyo. Tofauti ni kwamba msimulizi naye anabanwa.

Kasoro ipo. Hadithi zake ni za dunia iliyovunjika, zina damu na mambo ya wakubwa, hazifai watoto. Na aliyekimbia vita si lazima apende kuirudia Jumamosi jioni. Sisi tumechukua sheria, hadithi tumeiacha. Pia nakala tulizo nazo ni za Kiingereza, kwa hiyo anayekisoma ndiye anayewaambia wengine sheria inasemaje. Ngoma imerudi kwa mwambaji.

Kuna kanuni moja ambayo naona isipindwe kabisa, ile ya kadi ya X, aliyoibuni John Stavropoulos. Kadi inakaa katikati ya meza. Hadithi ikigusa pabaya, mtu anaigusa, na jambo lile linaondolewa bila yeye kueleza sababu. Ndugu zetu wa mashirika, hili nawaambia ninyi hasa: msimfuate baadaye kumuuliza kwa nini. Mtu aliyehojiwa mara nyingi kuhusu safari yake, mchezo usiomdai maelezo ni pumziko.

Kwa hiyo mkianza kikundi, msianze na majitu. Chukueni karatasi kubwa, andikeni kwa Kiswahili: kipi tunaweza kubadilisha, nani lazima akubali, kipi hakiguswi. Ibandikeni ukutani hata yule aliyekuja jana aione. Badilisheni mitindo, majina, hata dadu. Namba aliyochomoa mtu, muiheshimu.