Vuli ya Westlands, Vuli ya Kangemi

Novemba iliyopita rafiki yangu alipandishwa cheo, akanialika mlo wa jioni kwenye mkahawa mmoja wa Kiitalia kule Westlands. Bili ilikuwa yake. Kazi yangu ilikuwa kula na kumpongeza. Tukapewa menyu ya msimu: karatasi nzito, jani la rangi ya kutu limechorwa pembeni, na juu neno moja tu, Autunno. Chini yake kulikuwa na wali wa malenge, polenta na uyoga, na keki ya castagne, zile kokwa za kahawia ambazo Waitalia huchoma barabarani kama sisi tunavyochoma mahindi. Nje mvua ilikuwa inapiga Waiyaki Way, na magari yamesimama kuelekea Kangemi.

Polenta ikaletwa. Nikaonja mara mbili kuhakikisha. Ilikuwa ugali, jamani. Ugali laini wa unga wa njano, umetiwa siagi na jibini, ukafunikwa kwa uyoga, lakini ugali. Shilingi 2,400.

Sitaki kulalamikia bei. Chakula kilikuwa kitamu na aliyekipika anajua kazi yake. Nataka tu kuisoma ile menyu jinsi tunavyosoma kitabu au filamu, kwa sababu nayo inasimulia hadithi, na kuna watu imewaacha nje.

Anza na lile jani. Ukitafuta Kiswahili cha Autunno, kamusi itakupa "vuli". Lakini vuli yetu ni mvua, zile fupi za Oktoba hadi Desemba. Nairobi hakuna majani yanayogeuka rangi kwa pamoja. Kinachoanguka Oktoba ni maua ya zambarau ya mijakaranda, juu ya magari na juu ya vichwa vya watu wanaokimbilia stage. Neno moja, majira mawili. Menyu ilikuwa inazungumzia baridi ya watu wengine wakati vuli yetu inagonga dirisha.

Sasa hadithi yenyewe. Vyakula vile vyote vina sherehe zao huko kwao, zinazoitwa sagra. Kijiji kinachagua chakula kimoja, zabibu au uyoga au malenge, kinafunga barabara, kinapanga meza ndefu, watu wanakula. Neno lina asili ya dini: kwa Kilatini linahusu kitu kitakatifu, na zamani sagra ilikuwa sikukuu ya kanisa la kijiji. Ukisikia "mila za vuli za Kiitalia" unawaza mambo ya enzi za Warumi. Baadhi ndiyo. Lakini angalia tarehe.

Sagra ya zabibu ya Marino, mji mdogo karibu na Roma ambako Oktoba chemchemi ya mjini hutoa divai badala ya maji, ilianza 1925. Aliyeianzisha alikuwa mshairi, Leone Ciprelli. Kule Alba, kaskazini, maonyesho ya tartufo, uyoga unaokua chini ya ardhi na kunuswa na mbwa, yalianza 1929. Nyuma yake alikuwepo mwenye hoteli, Giacomo Morra, mtu aliyejua biashara: mwaka 1949 alimzawadia Rita Hayworth, nyota wa Hollywood, tartufo bora ya msimu, na magazeti yakafanya kazi iliyobaki. Serikali ya Mussolini nayo ilitangaza Sikukuu ya Zabibu ya nchi nzima mwaka 1930, wakati zabibu zilihitaji wanunuzi. Mshairi, mwenye hoteli, dikteta. Mila tunayoiona ya kale ina umri wa shosho yangu.

Sisemi hivyo kuwacheka. Kinachonivutia ni kwamba kuna mtu aliyekaa chini akaamua: chakula hiki tutakipa siku, tutakipa mahali, tutakipa jina. Hiyo ndiyo kazi ya sherehe. Umri huja wenyewe baadaye.

Na kuna jambo jingine ambalo menyu haikutaja. Tarehe 11 Novemba ni siku ya Mtakatifu Martino, yule anayesimuliwa kuwa alikata joho lake akamgawia ombaomba nusu. Siku hiyo Waitalia hufungua divai mpya na kuchoma castagne. Lakini kaskazini mwa nchi hiyo, siku hiyohiyo ndiyo mikataba ya mashamba ilikuwa ikiisha. Familia isiyo na ardhi, ikiwa mwenye shamba hakuitaka tena, ilipakia vitanda, sufuria na kuku kwenye mkokoteni ikaenda kutafuta pengine. Mpaka leo huko, "kufanya San Martino" maana yake ni kuhama nyumba. Msee aliyewahi kuhama Kawangware kwenda Uthiru mwisho wa mwezi, godoro juu ya mkokoteni na mvua inatishia, ataielewa sikukuu hiyo kuliko aliyechora lile jani. Castagne zenyewe ziliitwa mkate wa maskini. Polenta ilikuwa chakula cha kila siku cha wakulima waliokosa kingine, hadi wengi wakaugua pellagra, ugonjwa wa ngozi na akili unaompata mtu anayeishi kwa mahindi matupu. Kile kisahani cha 2,400 kina historia ya njaa, na njaa haijaandikwa popote kwenye karatasi nzito.

Turudi nyumbani. Desemba 2021, kwenye kikao kimoja, UNESCO iliorodhesha mambo mawili. La kwanza ni ujuzi wa Waitalia wa kutafuta na kuchimba tartufo. La pili ni la Kenya: kazi ya kulinda vyakula vyetu vya asili, iliyopewa msukumo rasmi kuanzia 2007, ambapo mimea ya kienyeji kama 850 iliorodheshwa pamoja na majina yake ya lugha za mama na jinsi inavyotumika. Makumbusho ya Taifa yalishiriki, na wanafunzi wa shule za msingi pia. Ilisifiwa kama mfano kwa nchi nyingine.

Ulijua? Mimi nilijua juzi, nikitafuta habari za tartufo. Hilo peke yake ni uhakiki tosha.

Kazi ile ilifaulu, tusiinyime haki. Mboga zilizodharauliwa kama za watu wa mashambani leo ziko supamaketi, managu na terere zimefungwa vizuri kwenye friji. Lakini sikiliza tunavyozizungumzia. Managu ni ya damu. Terere ni ya mama aliyejifungua. Mrenda ni wa tumbo. Tuliziokoa kwa kuzigeuza dawa, na hakuna anayesubiri dawa kwa hamu. Sijawahi kusikia mtu Nairobi akisema, "Wiki hii saga ni tamu kuliko mwezi jana, twende tukale kabla haijaisha." Mwitalia anaongea hivyo kuhusu malenge.

Jumamosi iliyofuata nilienda soko la Kangemi. Nilimkuta mama mmoja nje kidogo ya soko, ametandika turubai lenye kamba kwenye pembe zote nne, ile ambayo ukivuta mara moja bidhaa zote zinakuwa begani na miguu iko mbioni. Juu yake kulikuwa na kumbikumbi waliokaangwa, tsiswa kwa Waluhya na ng'wen kwa Wajaluo, na kando yake rundo dogo la uyoga uliokaushwa.

"Mama, huu uyoga ni bei gani?"

"Obwoba ni mia mbili kwa kikombe, kijana wangu. Umekuja na basi la usiku kutoka Kakamega. Mvua ikikatika hunipati nao."

Huo uyoga wa magharibi huota kwenye vichuguu. Mchwa huulisha, nao huwalisha mchwa. Ukiupeleka shambani ukaupanda kama sukuma haukubali. Tartufo nayo huishi hivyohivyo na mizizi ya miti, na nyeupe ya Alba imewasumbua wataalamu kuipanda kwa miaka mingi. Ni vyakula vya porini ambavyo havina ratiba ila mvua, na vyote viwili vina watu wanaojua mahali pa kutafuta na hawakuambii. Mwaka 2007 tajiri wa Macau, Stanley Ho, alilipa dola 330,000 kwa tartufo moja ya kilo 1.5. Uyoga wa Kangemi ni mia mbili, na anayeuuza amekaa tayari kukimbia.

Hapo ndipo menyu ya Westlands ilinikera, siku tatu baada ya kuila. Kuazima si kosa. Nairobi huazima kila kitu. Hata Oktoba ya Wajerumani tumeifanya yetu pale Ngong Racecourse. Na polenta ina dola nzima nyuma yake: kila Novemba tangu 2016, balozi za Italia duniani huandaa wiki ya mapishi ya kwao. Tofauti ni kwamba msimu wa mtu mwingine tumeupa meza, taa na kitambaa cheupe, na msimu wetu tumeuacha kando ya barabara. Maembe ya Makueni yenye pilipili na chumvi pale Tom Mboya, mahindi yanayogeuzwa juu ya jiko la makaa Kawangware, kumbikumbi wa Kangemi: hiyo ndiyo vuli ya Nairobi, na mara nyingi huuzwa na mtu anayeambiwa hapaswi kuwa pale.

Najua jibu rahisi: tuanzishe sherehe. Naiogopa. Nipe sagra ya obwoba, na baada ya miaka mitatu nitakuonyesha tiketi ya 3,500, jukwaa la kampuni ya bia, na yule mama nje ya geti akiuliza kama anaweza kuingia na turubai lake. Waitalia wenyewe wanajua jinsi mkate wa maskini unavyoweza kugeuka anasa. Kwa hivyo ningeanza na kitu kidogo kuliko sherehe: mtaa mmoja, Jumamosi moja ya Novemba, ambapo anayeuza chakula cha msimu haondolewi. Meza zitakuja. Mshairi hatakosekana, hawa wamejaa Nairobi.

Uyoga niliupika na njugu zilizosagwa na ugali wa kawaida, nikamwalika rafiki yangu yuleyule. Alifuta sahani kwa tonge la mwisho, akataka kujua niliutoa wapi. Nilimwelekeza, nikamwambia afanye haraka.

Alienda wiki mbili baadaye. Mvua ilikuwa imepungua, kwa hivyo hakutegemea kupata uyoga. Alichotaka ni namba ya yule mama, aagize wa mwaka huu. Mahali pale alimkuta kijana anauza soksi, na hakuna aliyejua mama amehamia wapi.