Ubeti Mmoja, Mistari Mingapi?

Miongoni mwetu tunaoandika juu ya fasihi ya Kiswahili katika majarida ya kitaaluma, kuiandaa makala kwa ajili ya uchapishaji huhesabiwa kuwa kazi ya mwisho na ya chini. Uhakiki umekwisha, zimebaki pambizo, nafasi baina ya mistari na orodha ya marejeleo. Kazi hiyo hufanywa usiku wa kuamkia tarehe ya mwisho, au huachiwa programu ya kompyuta. Makala haya yana rai tofauti. Mwongozo wa waandishi unaotolewa na jarida una nadharia ndani yake, na mhakiki asiyeusoma kwa makini anayoipa matini nyingine atajikuta ameridhia hukumu ambazo hakuzifikiria.

Tuanze na swali linaloonekana jepesi: ubeti wa utenzi una mistari mingapi? Mwongozo wa MLA, unaofuatwa na majarida mengi ya fasihi, unaagiza kwamba nukuu ya ushairi isiyozidi mistari mitatu iingizwe ndani ya aya, mistari ikitengwa kwa mkwaju. Ikizidi mitatu, itengwe na aya na kusogezwa ndani. Kanuni hiyo haina taabu kwa anayejua mstari ni nini. Vitabu vyetu vya shule aghalabu huuchapa ubeti wa utenzi katika mistari minne, kila mmoja wenye mizani 8. Kwa hesabu hiyo, ubeti mmoja tu umekwisha kuvuka mpaka. Lakini katika miswada mingi ya hati za Kiarabu, vipande vyote vinne hukaa katika mstari mmoja au miwili, vikitenganishwa kwa alama. Anayehesabu ubeti kuwa mstari mmoja anaweza kuingiza beti tatu nzima katika aya bila kuvunja kanuni.

Suala hili linapita sura ya ukurasa. Katika utenzi, vipande vitatu vya mwanzo hushirikiana kina, na cha nne hubeba kina cha bahari kinachorudi kila ubeti hadi mwisho. Anayeviona vipande hivyo kuwa mistari minne husikia sauti iliyojengwa mara tatu kisha ikageuzwa. Anayeuona ubeti kuwa mstari mmoja husikia utungo mzima ukienda kwa kina kimoja cha mwisho, na hapo utenzi husogea karibu na kasida ya Kiarabu. Hizi ni rai mbili za kihakiki, na kila moja ina watetezi wake. Mwandishi anayebonyeza kitufe cha kusogeza nukuu ndani amekwisha kuchagua moja, ajue asijue.

Shairi la mizani 16 lina taabu yake. Kila mshororo una ukwapi na utao, na baina yake pana pumziko ambalo msomaji wa Kiswahili hulisikia hata asomapo kimya. Jarida linalochapwa kwa safu mbili haliwezi kuubeba mshororo huo kwa upana wake. Niliwahi kuletewa prufu ambamo kila mshororo ulikatwa pale safu ilipoishia, mara baada ya mizani 11, mara baada ya 13. Vina vya kati vilipotea katikati ya mstari, na aya yangu iliyofuata, iliyokuwa ikijadili vina hivyo, ikawa inazungumzia kitu ambacho msomaji hakioni. Mpangaji kurasa hakukosea kitu, alifuata kiolezo. Kosa lilikuwa langu, kwa kuwa sikumwambia mahali ambapo mshororo unakubali kukatwa.

Tugeukie majina. Mtindo wa APA hutaka jina la ukoo, kisha herufi za mwanzo za majina mengine. Kanuni hii hudhani kwamba kila mtu ana jina la ukoo na kwamba ndilo linalokuja mwisho. Tuipeleke Lamu na Pate. Mwana Kupona binti Mshamu, aliyemtungia binti yake Mwana Hashima utendi wa mawaidha mwaka 1858, atageuka kuwa Mshamu, M. K. Mwandishi aliyeorodheshwa hapo ni baba yake. Yeye mwenyewe amebaki herufi moja, na herufi nyingine ni ya cheo cha heshima. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, anayehesabiwa kuwa mtunzi wa Al-Inkishafi, ataingizwa chini ya jina la babu yake. Shaaban Robert huwa Robert, jina la baba yake, ilhali mkusanyo wa maandishi yake unaitwa Diwani ya Shaaban. Msomaji wa Tanga akitajiwa «Robert» peke yake, atauliza ni Robert gani.

Itasemwa kwamba bila utaratibu mmoja hakuna maktaba wala hifadhidata itakayofanya kazi, na kwamba mwandishi asiyefuata kanuni hapatikani anapotafutwa. Hoja hiyo ni ya kweli, na sisi tunaoandika kutoka Muscat, London au Minneapolis tunaijua kuliko wengine, kwa sababu ajira na vyeo vyetu hutegemea kupatikana huko. Lakini utaratibu haukatai mila ya majina. Waaislandi huorodheshwa nyumbani kwao kwa majina yao wenyewe, kwa kuwa jina la pili aghalabu ni la baba, na wakutubi wa nchi nyingine wamelizoea hilo. Walilipata kwa sababu wao wenyewe walishikilia desturi moja na kuieleza. Sisi tumekuwa tukimwandika mtunzi yuleyule kwa namna tatu katika makala tatu, kisha tunamlaumu mhariri kwa kutotuelewa.

Ikisiri nayo ina jambo lake. Makala ya Kiswahili aghalabu hudaiwa ikisiri ya Kiingereza, na ni haki, ili wasiojua lugha yetu wapate fununu ya hoja. Makala ya Kiingereza juu ya Muyaka ni nadra kudaiwa ikisiri ya Kiswahili. Hapana mwongozo unaotuzuia kuiambatisha bila kudaiwa. Wengi wetu hatuiambatishi.

Napendekeza basi kwamba kazi hii ihamishwe kutoka mwisho hadi mwanzo. Kabla ya kuandika aya ya kwanza, mhakiki aamue mstari ni nini katika utungo anaouchambua, mshororo utakatwa wapi ukurasa ukiwa mwembamba, na mtunzi ataitwa nani. Uamuzi huo auweke katika tanbihi ya kwanza, kwa sentensi mbili au tatu, pamoja na sababu zake. Kwa uzoefu wangu, wahariri hawaikatai tanbihi ya namna hiyo. Huipokea kwa shukrani, kwa kuwa imewaondolea kazi ya kubahatisha. Tangu prufu zile, kila makala yangu hutanguliwa na tanbihi hiyo. Kuiandika kumenilazimisha, mara mbili sasa, kubadili hoja yenyewe, maana niligundua kwamba vina nilivyokuwa nikivisifu vilitegemea namna mchapaji mmoja wa zamani alivyopanga mistari, wala havikutegemea sikio la mtunzi.